Kimya cha Mwari

Mwaka niliokuwa darasa la nane nilikuwa nimechoka. Sizungumzii uchovu wa kazi, kwani aliyechoka kwa kazi hulala akaamka mzima. Mimi niliamka nimechoka. Nilikula nimechoka, nikavaa buibui nimechoka, nikafika shule kama mtu aliyetumwa Magomeni kwa miguu akarudi na gunia la chumvi kichwani. Pamoja na uchovu huo palikuwa na kitu kingine ambacho sikuwa na jina lake. Huzuni haikuwa, kwa sababu mwenye huzuni ana jambo lake, na ukimuuliza atakuambia. Mimi sikuwa na jambo. Baba na mama walikuwa hai, duka lilikuwa linauza, na hakuna aliyenipiga. Ila chakula hakikuwa na ladha, na watu walizungumza kama wako mbali hata wakiwa wamekaa nami mkeka mmoja.

Tulikaa Mtaa wa Msimbazi, duka mbele, nyumba nyuma. Wazee wa baba walitoka Uarabuni, lakini yeye mwenyewe alizaliwa Kariakoo, na Kiarabu alichobaki nacho kilikuwa cha kuswalia tu. Aliuza kahawa, tende, sukari na mafuta ya taa. Kila alfajiri hamali walipita mbele ya duka na mikokoteni ya ndizi na nazi kwenda sokoni, magurudumu yakilia, wenyewe wakitukanana kwa furaha. Nilikuwa nikiwasikiliza kitandani na kujiuliza watu hawa wanatoa wapi nguvu za kutukanana kabla jua halijatoka.

Darasani tulikuwa wachache. Wengi niliokuwa nao tangu darasa la kwanza walishawekwa ndani, mmoja baada ya mwingine. Leo mtu yupo, kesho dawati tupu, keshokutwa unasikia anaozwa. Sisi tuliobaki tulikuwa na mtihani mwisho wa mwaka, na atakayefaulu angeweza kwenda kusomea ualimu. Nilitaka kuwa mwalimu tangu darasa la pili. Sababu yangu haikuwa tukufu hata kidogo. Niliona kwamba mwalimu ndiye mwanamke pekee ninayemjua anayeweza kuwaambia watu wanyamaze, na wakanyamaza kweli.

Mwalimu wetu wa darasa la nane alikuwa mwanamke wa Kilimanjaro, Mkristo, ambaye mumewe aliuza vitunguu na viazi kwa jumla pale Kariakoo. Hakuwa mtu wa maneno matamu. Siku moja alinikuta nimelaza kichwa juu ya daftari, akanigonga bega kwa chaki.

"Wewe nyumbani hulali?"

"Ninalala, Mwalimu."

"Sasa kwa nini unalala hapa?"

Alinitazama macho, akanivuta kope ya chini kama mtu anayekagua samaki, akasema hiyo ni safura, niende zahanati. Nilikwenda. Nikapewa dawa ya minyoo, ikanihangaisha siku nzima, na minyoo yenyewe haikuonekana. Halafu nikapewa kwinini, masikio yakavuma. Mama alinipikia uji wa pilipili manga. Shangazi yangu, dada yake baba, aliyekuwa akikaa Magomeni lakini akishinda kwetu, alisema ni kijicho tu, nani asiyejua kwamba mtoto wa kike anayesoma mpaka darasa la nane anatazamwa vibaya? Basi akaitwa Maalim, yule aliyenisomesha Kurani chuoni nilipokuwa mdogo, akaniandikia kombe kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, maandishi yakaoshwa kwa marashi, nikanywa. Katika dawa zote, hiyo ndiyo iliyokuwa tamu. Uchovu ulibaki pale pale.

Nilipoona hauondoki, nikaanza kutafuta namna ya kuishi nao. Nyumbani nilisoma nimesimama, mgongo ukutani, kitabu usawa wa macho, kwa sababu nikikaa tu nimelala. Jua likiwa kali nilijaza maji kwenye karai, nikaliweka uwani chini ya kivuli cha ukuta wa jiko, nikatia miguu ndani na kusoma Jiografia. Maji ya baridi yalinipa nguvu mpaka yapate moto, kisha nikayabadilisha. Masomo niliyagawa kwa adhana. Kati ya adhuhuri na alasiri nilijipa jambo moja tu, hesabu au historia, na nikilimaliza nilijiruhusu kutazama ukuta bila kujilaumu. Mwalimu naye, baada ya safura yake kushindwa, alinihamishia dirishani. Akasema, "Ukisinzia, simama. Usiniombe ruhusa." Basi nikawa mwanafunzi anayesimama katikati ya somo kama anayetaka kuondoka, na baada ya wiki moja hivi hakuna aliyenicheka tena.

Haya yote nilikuwa ninayafanya bila moyo. Ningependa kusema kwamba nilikuwa na ari, lakini ari ilikuwa imeniacha zamani. Nilibeba miguu na kichwa kwenda shule kwa sababu jana pia nilikwenda.

Wakati huo huo, sifa zangu zilikuwa zinapanda mtaani, nami sijui.

Kabla ya hapo nilikuwa mtoto wa maneno. Nilicheka kwa sauti, nilibishana na wateja dukani, na shangazi alikuwa akinionya kwamba mdomo huo utanikosesha mume. Uchovu uliponishika, mdomo ulifunga wenyewe. Nikawa ninaitika "naam" na "labeka" kwa kuwa ni maneno mafupi. Macho niliyaweka chini kwa sababu kope zilikuwa nzito. Nilitembea polepole. Chakula kikiletwa nilimega kidogo nikaacha. Na wanawake wa Kariakoo, ambao hawakosi jambo, walitazama wakaridhika. Mtoto amekua. Mtoto amepata haya. Nilisikia jirani akimwambia mama uwani, "Mashallah, umelea." Mama alinitazama, akaendelea kuchambua mchele.

Ikawa siku ya maulidi ya wanawake, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Mama alinipeleka. Nilijichagulia mahali pa kuegemea ukuta, kwani kukaa bila kuegemea kulikuwa kazi, nikakunja miguu na kuinamisha kichwa. Wenzangu walikuwa wakiimba, wakitikisika, wakinyunyiziana marashi na kusukumana. Mimi nilikuwa nikingoja liishe. Sinia la pilau lilipofika mbele yetu sikunyoosha mkono mpaka nilipoambiwa, na nilipoambiwa nikala matonge mawili. Mbele yangu walikaa wanawake wawili wanene wenye bangili, ambao sikuwafahamu. Walikuwa wametoka Mchafukoge, jamaa wenye duka kubwa la vitambaa, na walikuja na kijana wao akilini. Baadaye shangazi alinieleza waliyosema, akiyasema kwa sauti yao na mikono yao. "Tazama alivyokaa! Hata kichwa hakiinui. Vitoto vya siku hizi vinavyoruka kama panzi, kumbe bado wako wasichana?"

"Chema chajiuza," shangazi akamalizia, akanibana shavu.

Sikusema kitu, naye akalihesabu hilo pia kuwa adabu.

Posa ilikuja haikukawia. Wazee wa kiume walifika dukani baada ya swala ya Ijumaa, wakanywa kahawa, wakazungumzia bei ya kaniki, kisha wakasema walilojia. Baba aliwaambia kama ada ilivyo, kwamba amesikia na atawapa jibu. Jioni nyumba ilikuwa imejaa sauti ya shangazi. Kijana ana heshima, nyumba ina maji ya bomba ndani, mama mkwe ni mcheshi. Na harusi wanataka kabla ya mwisho wa mwaka.

"Na mtihani?" mama akauliza. Ndilo neno lake pekee nililolisikia siku ile.

"Mtihani wa nini tena?" shangazi akasema. "Mtu akishafika, anauliza njia?"

Mwari aliyekwisha kukubaliwa posa hakutembea barabarani na mkoba wa vitabu. Angewekwa ndani siku ile ile, na dawati la dirishani lingebaki tupu kama yale mengine. Hilo nilijua. Na nitasema kweli, nilipolala usiku ule sikulia. Nilifikiri kwamba wanaowekwa ndani hulala. Hakuna kwenda wala kurudi, hakuna kusimama, mtu analetewa chakula na kupakwa liwa. Nililiwaza kama mtu anavyowaza kitanda. Kilichonitisha ni kwamba mambo mawili hayo, kuwa mwalimu na kulala, niliyaona sawa, na hata kutishika kwenyewe kulikuwa kudogo.

Lazima nieleze ada yetu ilivyo. Msichana asiyewahi kuolewa akiulizwa kama anamridhia mume, hadaiwi maneno, kwani haya zinamzuia. Akinyamaza, amekubali. Akicheka, amekubali. Akilia kidogo bila sauti, wapo wanaosema kwamba hapo pia amekubali, anaililia nyumba ya mama yake. Kukataa ndiko kunakotaka maneno. Mtu aliyeiweka ada hii hakumfikiria msichana ambaye neno moja kwake lilikuwa sawa na kupandisha ndoo kisimani.

Baba alikuwa mtu wa kufuata sheria ya dini. Angeweza kumaliza kwa kuitikia kwa kichwa, kama baba wengi walivyomaliza, au kumtuma shangazi aje aniulize na kurudi na jibu alilokwenda nalo. Hakutaka. Alisema yeye hataki jibu la mtoto wake kwa mdomo wa mtu mwingine, na mbele ya baba mtoto hasemi kweli, basi yeye atakaa dukani na Maalim ataniuliza, na watakaosikia wasikie.

Alasiri ya siku iliyopangwa nilikaa chumbani kwa mama, juu ya mkeka, mgongo ukutani. Mama alikuwa kitandani akikunja khanga zilizokwisha kukunjwa. Shangazi alikuwa amesimama karibu na mlango, amevaa, amejifukiza udi. Pazia la mlango lilikuwa limeshushwa, na upande wa pili, ukumbini, nilisikia kiti cha Maalim kikilia na kikohozi chake ninachokijua tangu utoto.

"Binti yangu."

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba. Wamekuja watu kutoka Mchafukoge, wanakutaka kwa kijana wao. Baba yako anataka kusikia kauli yako. Unamridhia?"

Nilitazama kidole gumba cha mguu wangu. Nilikuwa na maneno, lakini yalikuwa chini sana, na kila nililolivuta lilirudi. Maalim alingoja. Kisha akauliza tena, maneno yale yale, polepole zaidi. Nikanyamaza tena. Nilijua atauliza mara ya tatu, kisha itakuwa basi. Niliwaza kwamba sasa litaisha, na kwamba nikishamaliza kutosema nitaweza kulala.

Akauliza mara ya tatu. Na hapo nilimsikia shangazi akivuta pumzi.

Aliivuta kwa pua, ndefu, ya kifua kizima, kama wanawake wanavyoivuta kabla ya kigelegele. Alikuwa hajangoja hata Maalim afunge mdomo. Nikakasirika. Ilikuwa miezi sijakasirika, nilikuwa nimesahau hasira inavyokaa mwilini, kwamba ina joto. Sikumkasirikia kijana wa Mchafukoge, masikini, ambaye sijamwona. Nilikasirika kwa sababu ya ile pumzi. Mimi natafuta hewa ya kusema neno moja, na yeye anayo ya kusikika mpaka sokoni.

"Sijanyamaza, Maalim," nikasema. Sauti ilitoka nzito, kama ya mtu aliyeamshwa. "Ninapumzika."

Pumzi ya shangazi ikamtoka bila mlio. Ukumbini Maalim akakohoa.

"Unapumzika?"

"Naam, Maalim."

"Umechoka na nini?"

"Sijui."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya Ramadhani."

"Maalim!" shangazi akasema kupitia pazia. "Mwari ameulizwa mara tatu, na mbili zote kimya. Yamekwisha!"

"Bibi," Maalim akasema, "anayesema anapumzika hajanyamaza. Wewe binti, pumzika. Mimi nina kahawa hapa."

Na kweli akamimina. Nilisikia kikombe kikigusa kingine, nikasikia akivuta funda. Hakuniambia niharakishe. Sina hakika kama alijua alichonipa, au kama alikuwa mzee tu anayependa kahawa.

Nilitafuta ndani yangu kama nataka kitu. Sikukiona. Nilikumbuka tu kwamba niliwahi kutaka, kama mtu anavyokumbuka kwamba aliwahi kuwa na njaa. Yule mtoto wa darasa la pili alikuwa akitaka sana, alikuwa akiwapanga wanasesere wa matambara uwani na kuwaamuru wanyamaze. Yeye alikuwa na nguvu, mimi sina. Nikaona ni afadhali nimsikilize yeye kuliko kuusikiliza uchovu.

"Maalim."

"Naam."

"Sitaki. Nataka kumaliza shule."

"Humtaki huyu, au hutaki kuolewa?"

"Kwa sasa, yote mawili."

"Nimesikia," akasema. Kiti kikalia, na akaburura ndara zake kwenda dukani.

Baba aliwajibu watu wa Mchafukoge kwamba binti yake bado anasoma. Nasikia waliona ni kisingizio cha ajabu, lakini hawakugombana, na mwaka haukwisha kabla hawajapata msichana mwingine mtulivu. Natumaini yeye alikuwa mtulivu kweli. Shangazi alirudi Magomeni, na muda mrefu akija kwetu alikataa hata maji. "Kimya kingi kina mshindo mkuu," alimwambia mama mlangoni, "lakini sikujua mshindo wenyewe utanipiga mimi."

Mtihani niliufanya nikisimama na kukaa, msimamizi akinitazama kwa wasiwasi, na nilifaulu bila kung'ara. Nilisomea ualimu. Kama unangoja niseme uchovu uliondoka, utangoja sana. Ulipungua, ukarudi, ukapungua tena, na mpaka leo huja kama mgeni anayejua mkeka unapowekwa. Nilifundisha miaka yote nimesimama, mgongo ukutani, na wanafunzi walidhani ni ukali.

Lakini lililonibakia zaidi ni la alasiri ile ile, baada ya Maalim kuondoka na shangazi kwenda jikoni kupigisha sufuria. Mama hakuwa amesema neno tangu mwanzo. Aliziacha khanga zake, akatoka, akarudi na karai la maji ya baridi, akaliweka mbele yangu, akanishika miguu na kuitia ndani. Sikujua kama alikuwa akiniona uwani siku zote zile. Akaninawisha taratibu, hajainua uso.

"Mimi walipokuja kuniuliza," akasema, "nilikuwa nimelala."

Nilidhani sikusikia vizuri. Akaendelea kuninawisha. Alisema alikuwa amewekwa ndani siku nyingi, wanamsugua na kumfundisha mchana na usiku, na siku ile walimkalisha nyuma ya pazia, mgongo ukutani kama mimi, macho yakamchukua. Maswali hakuyasikia hata moja.

"Sasa nani alikuamsha?" nikauliza.

"Vigelegele," akasema.